Usukani wa kushoto unaotafuta njia ya Gurei

GUREI, Juba – Dereva wa lori anayetoka Kampala akishavuka kutoka Elegu na kuingia Nimule, hubadili upande. Uganda alikuwa akiendesha kushoto. Sudan Kusini anatakiwa kushika kulia. Lori ni lile lile na usukani wake uko kulia kama kawaida ya Uganda, hivyo kuanzia hapo dereva amekaa upande wa majani, mbali na katikati ya barabara. Akitaka kulipita gari la mbele haoni kitu. Hapo utingo hupata kazi ya ziada: kuchungulia na kusema twende au subiri.

Wafanyabiashara wa njia hii wameizoea hali hiyo kiasi kwamba hawaizungumzii tena. Lakini ukiitazama vizuri, ndiyo inayoamua gari gani linafaa kuuzwa wapi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kati ya nchi 8 wanachama, ni 3 tu zinazoshika kushoto: Kenya, Uganda na Tanzania. Tano zilizobaki, yaani Burundi, Rwanda, Sudan Kusini, Kongo na Somalia, zinashika kulia. Juba ilirithi kulia kutoka Khartoum, ambayo iliacha mtindo wa Kiingereza mwaka 1973. Hata hivyo bidhaa za Juba zinapitia Mombasa na Kampala, na pamoja nazo yanakuja magari ya Kijapani yenye usukani wa kulia.

Ndiyo maana katika mitaa ya magharibi ya Juba, Gurei ikiwemo, Toyota yenye usukani wa kulia haishangazi mtu, ingawa kwa barabara za hapa usukani huo uko upande usio wake. Kichekesho ni kwamba saluni kuukuu ya Kimarekani ya miaka ya 1960, ambayo wengi wangeiona kama kituko, ndiyo ambayo usukani wake uko mahali panapostahili.

Tuseme basi mteja wa Gurei ana fedha na anaitaka saluni kama hiyo. Mfanyabiashara anayeijua njia ya Mombasa hadi Juba anaweza kumletea. Faida ipo, lakini mtaji unaweza kupotelea katika sehemu tatu: bandarini, chini ya rangi mpya, na kwenye spana. Ili tusizungumze hewani, tuchukue gari moja lenye historia na barabara zetu.

Comet ilipokuja kupimwa kwetu

Mercury Comet ilitengenezwa na kampuni ya Ford ya Marekani kupitia tawi lake la Mercury, na iliingia sokoni mwaka 1960. Ilikuwa ndugu wa Ford Falcon, wakitumia mifupa na vyuma vingi vinavyofanana. Kwa macho ya Wamarekani wa wakati ule lilikuwa gari dogo. Kwa macho yetu ni gari refu: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, Comet ya 1964 ina karibu mita 2.9.

Mwishoni mwa 1963 Ford ilitaka kuondoa sifa ya udogo na unyonge. Kundi la Comet za 1964 likapelekwa kwenye uwanja wa mbio wa Daytona, Florida, na kukimbizwa usiku na mchana kwa takriban siku 40, hadi zikatimiza maili 100,000, yaani kama kilomita 160,000, kwa wastani wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Baada ya hapo kampuni ikatafuta mtihani mgumu zaidi. Ikazileta Afrika Mashariki.

Safari ya Pasaka ya 1964 ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi tatu ambazo zote zilikuwa zimepata uhuru miaka michache tu kabla. Kenya ilikuwa na miezi mitatu na ushee tangu ijitawale, na Tanganyika ilikuwa haijaungana na Zanzibar. Magari 94 yaliondoka Nairobi. Yaliyomaliza ni 21. Timu ya Comet, iliyoandaliwa na fundi mashuhuri wa mbio wa California, Bill Stroppe, ilikuja na magari yenye injini ya V8 na fedha nyingi. Magari yake mawili tu ndiyo yaliyofika mwisho, moja likiwa la 18. La pili, lililoshika nafasi ya 21, yaani ya mwisho kabisa, liliendeshwa na Joginder Singh.

Wasomaji wa umri fulani wanalijua jina hilo. Mzaliwa huyo wa Kericho, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu, alirudi mwaka uliofuata na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, akashinda. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kwa hiyo mtu aliyeifikisha Comet mwisho hakuwa dereva wa kubahatisha. Kama gari lingekuwa na uwezo wa kushinda, angelijua la kufanya nalo.

Na aliyeshinda 1964? Ford hiyo hiyo, lakini Ford ya Uingereza: Cortina GT ya injini ya lita 1.5 iliyoendeshwa na Peter Hughes na Billy Young. Lita 1.5 iliishinda V8 kubwa. Kwa maoni yangu hilo halimaanishi kwamba Comet ni gari bovu. Daytona ni lami na mwendo mmoja. Safari ilikuwa tope, mashimo na makorongo. Gari zito lenye nguvu nyingi kwenye magurudumu ya nyuma hulipa gharama ya uzito wake kila linapozama. Mteja wa Gurei anayedhani V8 itampitisha kwenye matope ya masika aambiwe habari hii mapema. Hili ni gari la lami, na la siku kavu.

Kilicho ndani ya bati

Uzuri wa saluni hizi kwa fundi ni kwamba hazifichi kitu. Ukifungua boneti unaona injini nzima, na chini yake unaona ardhi. Hakuna kompyuta. Kuna kabureta, distribyuta yenye pointi, na waya unaoweza kuufuata kwa kidole kutoka betri hadi taa. Comet ya 1964 ilipatikana kwa injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, au V8 ya lita 4.3, na kwa toleo la mwendo kasi lita 4.7. Giaboksi ya kawaida ilikuwa ya gia tatu, na mkono wake ukiwa kwenye nguzo ya usukani. Springi za nyuma ni za bapa, kama za pikapu. Breki zote nne ni za ngoma.

Mfanyabiashara anapaswa kukumbuka jambo hili kuliko mengine yote kuhusu injini: V8 ya Comet ni ya ukoo mmoja na V8 iliyowekwa kwenye Ford Mustang, gari lililozinduliwa Aprili 1964 na kupendwa hadi leo. Kwa sababu ya Mustang, viwanda vya Marekani bado vinatengeneza gasketi, pampu za maji, bearingi, kabureta, viatu vya breki na sehemu nyingi za mguu wa mbele ambazo Comet inazitumia pia. Kinachokosekana ni vile vilivyo vya Comet pekee: taa za nyuma, urembo wa nikeli, vioo, vitasa, dashibodi. Kwa hiyo gari lenye injini iliyokufa lakini lina urembo wake wote ni bora kulinunua kuliko gari linalonguruma vizuri huku nusu ya nakshi zake zimepotea. Injini utaipata. Taa ya nyuma ya kushoto inaweza kukusumbua mwaka mzima.

Bodi nayo ina siri yake. Comet haina chesisi iliyojitenga kama Land Cruiser. Bati la sakafu, kingo za chini ya milango na mifupa ya mbele ndivyo vinavyobeba gari lote. Kutu ikila hapo, imekula chesisi. Magari yaliyoishi Michigan na majimbo mengine ya baridi yameoza kwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, wakati yaliyokaa Arizona na sehemu kavu za California hubaki na bati zima, hata kama rangi imebabuka kwa jua. Rangi iliyobabuka isikutishe. Rangi mpya inayong'aa kwenye gari la miaka 60 ndiyo ya kuogopa, maana chini yake huenda kuna puti unene wa kidole. Mwambie anayekukagulia kule apitishe sumaku iliyofungwa kitambaa: isiposhika, hapo hakuna bati.

Herufi moja inabadili bei

Magari ya leo yana namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17. Utaratibu huo ulianza kwa magari ya 1981. Comet ya 1964 ina 11 tu. Namba hiyo iko kwenye kibao cha mlango wa dereva na imegongwa pia kwenye bati chini ya boneti. Ya kwanza, 4, ni mwaka. Ya tano ni herufi ya injini. Herufi U ni silinda 6 ndogo, F ni V8 ya lita 4.3, na K ni ile V8 ya lita 4.7 ya nguvu zaidi. Muuzaji anayedai anauza K huku kibao kinasoma U anauza hadithi, na tofauti ya bei kati ya hizo mbili si ndogo.

Namba hizo 11 ziandikwe kama zilivyo kwenye hati ya shehena, ankara na hati ya umiliki. Karani akiongeza sifuri ili kujaza nafasi 17, umezalisha gari jingine kwenye karatasi, na ofisa wa forodha atakayelinganisha karatasi na bati ana haki ya kulizuia.

Njia isiyo na soko la katikati

Sasa tuje bandarini, ambako hasara kubwa hujificha. Mfanyabiashara wa magari ya Kijapani amezoea kinga moja: mteja wa Juba akigoma, gari linaweza kutafutiwa mnunuzi Nairobi au Kampala. Kwa saluni ya Kimarekani kinga hiyo haipo.

Kenya hairuhusu kusajili gari lililotumika ambalo limepita umri wa miaka 8, na inataka usukani wa kulia isipokuwa kwa magari maalumu kama ya wagonjwa, ya zimamoto na mitambo ya miradi. Uganda tangu 2018 imezuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi tangu kutengenezwa. Tanzania inatoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka. Gari la 1964 lenye usukani wa kushoto linapita Kenya na Uganda kama shehena ya njiani tu, chini ya dhamana ya forodha. Dhamana hiyo hufutwa pale inapothibitishwa kwamba gari limetoka nje. Lisipotoka, mdhamini hudaiwa ushuru, naye humgeukia wakala, na wakala humgeukia mwenye mzigo.

Maana yake kwa lugha ya sokoni ni hii: mteja akibadili nia gari likiwa Nakuru, huna wa kumuuzia hadi uvuke Nimule. Chukua malipo ya awali yanayofidia hasara hiyo kabla gari halijapanda meli. Na lisafirishwe juu ya lori. Breki za ngoma ambazo hazijaguswa kwa miongo hazina kazi kwenye miteremko ya Bonde la Ufa.

Kuna suala jingine ambalo mawakala wengi hawalitaji. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa, magari ya abiria yako kwenye fungu la 8703. Kuna pia fungu la 9705, la vitu vya wakusanyaji vyenye thamani ya kihistoria, na gari kuukuu linaweza kuombewa nafasi huko. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hulikubali gari likiwa na umri usiopungua miaka 30, likiwa katika hali yake ya asili, na modeli yake ikiwa haitengenezwi tena. Wakala wako aulize forodha ya nchi linakoenda, kwa maandishi, kabla ya mzigo kufika, si baada ya kuwekwa yadi na gharama za kuhifadhi zikihesabiwa kila siku. Na kama unakusudia kulitetea gari kama kitu cha historia, usilinunue lililobadilishiwa injini ya Toyota. Litakwenda vizuri, lakini hoja yako itakuwa imekufa.

Baada ya Nimule zimebaki kilomita 192 za lami iliyokamilika 2012 kwa fedha za msaada wa Marekani, barabara kuu ya kwanza ya lami ya nchi hii. Barabara hiyo inaingia Juba upande wa mashariki wa Mto Nile, na Gurei iko magharibi, hivyo lori lazima livuke mto. Tangu Mei 2022 kuna Daraja la Uhuru lililojengwa kwa msaada wa Japani, pamoja na lile la zamani.

Spana ya 13

Kazi yenyewe ya kulifufua ikianza, kikwazo cha kwanza kinaweza kuonekana kidogo mno. Fundi aliyekulia kwenye Toyota ana spana za milimita. Nati za Comet ni za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7; spana ya 13 itaishika, itazunguka, na kulainisha kona zake hadi isifunguke tena bila patasi. Nati ya inchi 9/16 ni milimita 14.3, na hapo 14 haiingii na 15 inacheza. Seti moja ya spana na soketi za inchi iliyonunuliwa mapema ni nafuu kuliko nati za gari zima. Mafundi wazee waliowahi kufanya kazi kwenye Land Rover za zamani huenda bado wana baadhi yake.

La pili ni afya ya fundi. Viatu vya breki na sahani za klachi za enzi hizo vilitengenezwa kwa asbestosi. Tabia ya kufungua ngoma na kupuliza vumbi kwa kompresa, ambayo tumeiona katika kila gereji kutoka Mwanza hadi Juba, ni hatari kwa gari hili, kwa sababu vumbi hilo hukaa kwenye mapafu na linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Lilowanishwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa.

Breki zenyewe zina mzunguko mmoja tu wa mafuta. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja. Wanaopenda uasilia watapinga, lakini mimi ningeweka pampu kuu ya mizunguko miwili, kama ambavyo Marekani yenyewe iliyalazimisha magari yote mapya kuanzia modeli za 1968. Pampu ya zamani itunzwe kwenye boksi, iandamane na gari.

Petroli nayo imebadilika. Injini hizi zilisanifiwa wakati petroli ilikuwa na risasi, ambayo ililinda viti vya valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006. Kwa mwendo wa taratibu wa mjini injini itavumilia, lakini kichwa kikishafunguliwa kwa kazi nyingine, ni upuuzi kukirudisha bila kuweka viti vya chuma kigumu. Rejeta nayo isafishwe kabisa au ibadilishwe, kwani joto la Juba la Februari na Machi na foleni ya mjini havitaisamehe iliyoziba nusu.

Nyaya zisirekebishwe kwa viraka. Plastiki ya miaka 60 hukatika ikikunjwa, na moto wa gari huanzia hapo. Nyaya za seti kamili zinauzwa. Kazi ya kuchomelea sakafu iachwe kwa mtu mwenye mkono mwepesi na jenereta isiyopwaya, maana bati jembamba hutoboka umeme ukiruka, na milango ipimwe kila baada ya mshono, kwa sababu bodi isiyo na chesisi hujipinda taratibu bila mtu kuona hadi mlango ukatae kufunga.

Spea ndizo zitakazomrudisha mfanyabiashara kwa mteja huyu mara kwa mara, na hapa wengi hukosea hesabu. Utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Boksi la gasketi na pampu ya maji ulivyonunua dukani Kampala bado ni bidhaa ya Marekani au China machoni pa forodha, hata kama una risiti ya Uganda mkononi, na hulipiwa ushuru hivyo unapofika Nimule. Bei unayompa mteja wa Gurei iwe na ushuru huo ndani yake tangu mwanzo, na kila spea iandikwe kwenye ankara kwa jina, idadi na thamani yake, si kwa mstari mmoja unaosema spea za gari.